Mwizi wa Wimbi

Juzi blenda yangu iliungua nikiwa nasaga pasheni za wageni. Ilikohoa kidogo, ikatoa moshi, ikazima, na jiko zima likajaa ile harufu ya mota iliyochoka: makaa, vumbi, na kitu kama nywele zilizoguswa na pasi ya moto. Nikakaa chini sakafuni nikalia. Mume wangu akaja mbio, akaitazama blenda, akanitazama mimi, akasema, "Sasa ndiyo unalia hivyo? Si tutanunua nyingine!" Maskini, mtu mwema kabisa, lakini angejuaje? Mikono ya baba yangu ndiyo iliyokuwa ikinukia hivyo jioni, aliponishika shavu kuniuliza nimekula nini.

Baba alikuwa fundi cherehani pale Jinja, Uganda, kwenye baraza ya duka moja kati ya yale ya zamani waliyojenga Wahindi, yenye nguzo nene na majina yaliyofutika juu ya milango. Alishona sare za shule. Watu walimwita Fundi Badru, na waliotaka kumchokoza walimwita Afande, kwa kuwa kwetu tulisema Kiswahili nyumbani. Babu alizaliwa kwenye kambi ya askari, akazaa watoto kambini, na lugha ya kambi ndiyo aliyotuachia. Majirani wa makamo walikuwa wakitusikia tunaitana wanashtuka kidogo, maana kwao Kiswahili kilikuwa lugha ya buti na amri. Halafu wanamwona Baba na futi yake shingoni, wanacheka, wanasalimia.

Nyuma ya cherehani kulikuwa na rafu, na juu ya rafu walikaa wake wenza wa Mama, kama alivyowaita mwenyewe: magari ya rimoti ya zamani. Sizungumzii haya ya plastiki ya siku hizi, unamnunulia mtoto siku ya Idi yanakufa kabla pilau haijapoa. Yale yalikuwa magari mazito, yenye springi za kweli na skrubu za kweli, yaliyochezewa na watoto wa ng'ambo ambao sasa ni wazee. Yalikuja kwenye magunia ya mitumba, yamechanganyika na wanasesere wasio na vichwa, au yalitoka kwenye masanduku ya stoo za Wahindi waliohama. Gari lilikuja bila rimoti, rimoti ikaja bila gari. Baba aliyaita wajane. Siku akiipata rimoti inayokubaliana na gari alilokaa nalo mwaka mzima, alipiga kelele mtaa ukasikia.

"Mama Zaina, njoo! Leo tuna harusi!"

"Na mahari kala nani?" Mama alijibu kutoka uani. "Maana mimi sijaona hata ubani."

Wallahi alikuwa na mikono yule mtu. Brashi za mota, vile vipande vya makaa vya ndani, zikiisha, alipasua betri kuukuu ya tochi, akatoa ule mti wa makaa wa katikati, akausugua kwenye saruji mpaka ukawa mdogo kama punje ya mchele, akauingiza. Matairi alikata kwenye kandambili. Bodi iliyopasuka aliishona, namaanisha aliishona kweli, kwa uzi wa nyavu na sindano iliyopashwa moto, mishono midogo iliyonyooka kama ya kola. Halafu aliliweka gari chini, akaliachia lipite katikati ya miguu ya wateja, na mimi nikilikimbiza mpaka ukingo wa baraza.

Sasa niwaeleze jambo la mawimbi, maana bila hilo hamtanielewa. Kila rimoti ya aina ile ilikuwa na kijiwe kidogo ndani, na kila kijiwe kilikuwa na wimbi lake, na wimbi likapewa rangi: nyekundu, manjano, kijani, buluu. Rimoti mbili za wimbi moja zikiwashwa pamoja, gari halijui bwana wake ni nani. Linachanganyikiwa, linakimbia popote. Kwa hiyo wale wapenda magari, wa Jinja na wa Mbale, walikuwa na sheria yao. Ubao ulipigwa misumari, na kwenye kila msumari kikaning'inizwa kitambaa cha rangi moja. Baba ndiye aliyevishona, kwa mabaki ya sare. Ukitaka kuwasha rimoti, hata kwa kujaribu tu, unachukua kitambaa cha rangi yako unakifunga kwenye eriali. Ukikuta msumari mtupu, ujue mwenzio yuko hewani, unakaa kitako unasubiri. Anayewasha bila kitambaa chake ameiba wimbi. Mwizi wa wimbi hakupigwa wala hakutukanwa. Alifukuzwa tu, moja kwa moja, na gari lake likabaki kwa yule aliyemharibia.

Baba alikuwa wa buluu. Na Haji Sulaimani wa Nakaloke, kule Mbale, muuza vitunguu, naye alikuwa wa buluu. Vijiwe vya kubadilisha vilikuwa adimu kama meno ya kuku, basi wale wawili hawakuwahi kushindana ana kwa ana hata siku moja. Mmoja akiwa hewani, mwingine amekaa anamsubiri. Labda ndiyo maana walipendana.

Mwaka mmoja Baba alianza kunisumbua na rangi. Natoka shule, sijavua hata viatu, ananiita. "Zaina, mama, hebu, uzi huu rangi gani?"

"Buluu."

"Na huu?"

"Kijani, Baba."

"Ahsante. Una akili wewe."

Una akili! Nilikuwa darasa la nne, na kwenye matokeo nilikuwa mkiani, hilo sikatai. Nikawa na hakika kwamba mwalimu wangu amepita dukani kwa siri akamwambia Baba kuwa binti yake ni mzito wa kichwa, ndiyo maana Baba ameamua kunianzisha upya kama mtoto wa chekechea. Iliniuma, tena sana. Lakini sikumwonyesha. Nilijibu kwa bidii, kwa sauti ya kusoma risala, ili aone kwamba mtoto wake si mjinga. "Huu ni mwekundu, Baba, lakini si mwekundu sana, umekolea kama damu ya mzee." Alicheka mpaka akafuta macho. Siku hizo aliyafuta sana macho.

Akanipa pia kazi ya kutunga uzi kwenye sindano. Vidole vya mtoto ni vyembamba, alisema, na mimi nikavitazama vidole vyangu kwa fahari. Siku moja alishona mfuko wa kijani kwenye gauni la buluu. Mama aliufumua, akashona mwingine. Alipomaliza ndipo akasema, kama anayejisemea, "Mficha maradhi, kifo humuumbua." Nilidhani anamsema jirani yetu, aliyekuwa akikohoa kila alfajiri na kusema ni vumbi.

Na kwenye mashindano nako nikapandishwa cheo. Wenzake Baba walisimama juu ya ngazi wakiyakodolea magari yao macho. Baba aliinamisha kichwa akatega sikio. "Macho yanadanganya," aliniambia. "Mota haidanganyi. Wewe simama kwenye kona ya mbali. Likikufikia, piga kelele: Kata!" Basi nikasimama kwenye kona na gauni langu la shule, nikapiga kelele kama kondakta. Kata! Na gari likakata, likaniachia vumbi na ile harufu. Wasichana wenzangu walikuwa wakiruka kamba, mimi nikiwaonea huruma. Nani kati yao baba yake alikuwa hawezi kushinda bila yeye? Niliwaza hivyo hivyo, kwa maneno hayo hayo, na sikuelewa nilichokuwa nakiwaza.

Ndipo siku moja tukaenda Mbale. Mashindano yalikuwa kwenye uwanja wa saruji wa ghala moja, pale wanapoanika kahawa. Kahawa ilikuwa imefagiliwa kando, mlima uko nyuma umejifunika wingu, na watu wa Jinja na watu wa Mbale wanataniana kwa lugha zote. Mwamuzi alikuwa Njoroge, dereva wa lori kutoka Kenya, Mkristo wa kanisa kila Jumapili asubuhi na magari kila Jumapili mchana. Walimchagua yeye kwa kuwa hakuwa wa Jinja wala wa Mbale, na kwa kuwa sauti yake ilifika mbali.

Haji Sulaimani alikuwa hewani. Nawaambieni kidogo juu ya gari lake. Lilikuwa kongwe kuliko yote, na halikuwa na kitu cha kuazima hata kimoja: matairi yake yenyewe, bodi yake yenyewe, hata karatasi za mapambo zilikuwa bado zimeshika. Alilibeba ndani ya kikapu, limefunikwa kanga. Haji hakujaliwa mtoto, na watu wa Mbale walimtania kwamba mkewe amekubali kulala na gari katikati. Siku hiyo lilikuwa linaongoza. Alikuwa akishindana na kijana wa Jinja, muuza vipuri, na amemwacha mbali.

Baba alinituma chai langoni. Niliporudi na chupa mkononi nilimwona kwa mbali, yupo mbele ya ubao. Uso ulikuwa karibu mno na vitambaa. Akavigusa kimoja kimoja kwa vidole, kama anayechagua kitambaa cha suruali, akachukua kimoja, akakifunga, akawasha rimoti ili apashe gari lake moto. Alidhani zamu ya Haji imekwisha. Yalikuwa yamepigwa makofi, naye akayafahamu vibaya, yalikuwa ya kumshangilia Haji kuingia mzunguko wa mwisho.

Gari la Haji lilisita. Likageuka kama mtu aliyeitwa jina lake. Halafu likatoka uwanjani kwa kasi yake yote, likapita kwenye miguu ya watu, likaenda kujipiga kwenye ngazi za mawe za ghala. Sauti yake naisikia mpaka leo.

"Nani ako hewani?" Njoroge akapaza sauti. "Nimesema nani ako hewani?"

Watu wakaanza kutazamana eriali. Baba alikuwa amesimama na rimoti yake, imewaka, kitambaa cha kijani kinapepea juu yake. Njoroge akamfikia, akaishika ile rimoti, akaigeuza. Nani asiyeijua? "Fundi. Hii ni ya buluu tangu zamani. Na umefunga kijani. Hii ni nini umefanya?"

"Nimefunga buluu," Baba akasema.

Lo! Vicheko vilivyotoka hapo havikuwa vya furaha. "Anatufanya watoto!" mtu wa Mbale akasema. "Amevaa kijani ili aibe buluu, Haji asishinde! Hawa watu ya Jinja!" Na watu wa Jinja, rafiki zake, wakawa wanatazama chini. Baba akakisogeza kitambaa karibu na jicho, kikagusa nyusi. Akakisugua kwa kidole gumba. Na hapo, nikiwa na chupa yangu ya chai, nikaelewa. Nyuzi. Sindano. Mfuko wa kijani. Kata! Mwalimu hakuwa amepita dukani. Hakuna aliyesema mimi ni mjinga.

Nikakimbia kwake. Nilitaka kuwaambia wote: baba yangu haoni! Mngekuwa na haya! Lakini nilipofungua mdomo mkono wake ulinipata begani, ukanibana, ukanibana mpaka nikanyamaza. Nikajua kwamba amekwisha kupima. Fundi mwizi anapoteza mchezo na gari. Fundi asiyeona anapoteza cherehani, anapoteza sare za shule, na siku ya pili mji mzima unajua kwamba Badru amekwisha. Alikuwa ameamua kuwa mwizi. Nilimchukia na nilimpenda kwa wakati mmoja, na chai ilikuwa inanimwagikia mguuni wala sikuisikia.

Watu wakatoa njia. Haji Sulaimani alikuwa anakuja, amelibeba gari kwa mikono miwili kama wanavyobeba mtoto aliyelala. Mbele yote ilikuwa imepondeka na tairi moja lilikuwa linaning'inia. Alikuwa amevaa kanzu na koti juu yake. Nilingoja ampige Baba. Kusema kweli kila mtu alingoja. Yeye akasimama karibu sana, akamtazama Baba machoni, akakitazama kitambaa, akamtazama tena machoni, kwa muda. Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba alimtunza mama yake mzazi, aliyekufa na mtoto wa jicho kwenye macho yote mawili.

Akauliza polepole, sauti ya watu wawili tu, ila mimi nilikuwa katikati yao. "Fundi. Koti yangu hii, ni langi gani?"

Baba akajaribu kucheka. "Haji, na wewe unanichezea? Ni kijivu."

Haji akanitazama mimi. Sikutikisa kichwa. Machozi tu ndiyo yalinitoka.

"Ndiyo," Haji akasema. "Ni ya kijivu."

Kisha akawageukia watu, na sauti yake ikawa ile ya sokoni, ya kunadi vitunguu. "Nyamaza wote! Njoroge, wewe naandika kosa kwa mtu si yake. Mimi nilipata kijiwe mpya kwa mtu ya Busia. Ya kijani. Leo asubuhi niliweka ndani ya gali yangu. Lakini mkono imezoea, nikafunga buluu. Fundi yeye amefika kwa ubao, amepata kijani iko, amechukua, amewasha. Kosa yake iko wapi?"

"Haji," Njoroge akasema, "rimoti ya Fundi si ya kijani. Kila mtu anajua."

"Na yeye hawezi kubadilisha kijiwe? Ni mimi peke yangu naenda Busia?"

"Basi fungua yako tuone."

Haji akalikumbatia gari kwa mkono mmoja, akaingiza kidole kwenye rimoti iliyoning'inia shingoni mwake, akakichomoa kijiwe, akakitia kwenye mfuko wa koti, akaukandamiza kwa kiganja. "Nani hapa," akasema, "atatia mkono kwa mfuko ya Haji?"

Hakuna aliyesogea. Njoroge alikuwa mtu mzima, si mjinga. Aliwatazama wote wawili, akanitazama na mimi na uso wangu uliolowa, akavuta pumzi. "Haji, unajua sheria."

"Sheria nilitunga mimi, kijana. Nitakosa kujua?" Akainama kidogo, akaliweka lile gari mikononi mwa Baba. Alilirekebisha kwanza lile tairi lililoning'inia, lisianguke. "Fundi, hii sasa ni yako. Mimi naenda kuuza kitunguu." Akaokota kikapu chake na ile kanga, akatoka langoni, na hakugeuka nyuma.

Tuliondoka bila kumaliza chai. Baba alitembea na gari la Haji kifuani mpaka tukafika barabara kubwa, pale malori ya Kenya yanapopita bila kupumua. Akasimama.

"Zaina."

"Naam, Baba."

"Koti la mzee lilikuwa rangi gani?"

Nilifikiria kumdanganya. Mzee mzima, Haji, alikuwa amedanganya mbele ya Mungu na mbele ya watu, mimi ni nani? Lakini aliniuliza kwa ile sauti yake ya dukani, ya uzi, na mimi nilikuwa nimezoea kumjibu ile sauti kwa ukweli.

"Kijani, Baba. Kijani kabisa. Kama jani la mgomba."

Lori likapita, likatupiga upepo. "Akasema ni kijivu," Baba akasema.

"Ndiyo."

"Na mtoto wake amemshika mkononi hivi, amevunjika."

"Ndiyo, Baba."

Akachuchumaa pale pale kando ya lami, fundi mzima na kanzu yake ya Ijumaa, akalia. Sijawahi kumwona akilia kabla ya hapo. Nilimshika kichwa kwa kuwa sikujua pengine pa kumshika. Alipomaliza alipangusa uso kwa mkono wa kanzu, akasema, "Kesho hatufungui duka. Wewe huendi shule. Utanipeleka kwa daktari wa macho. Na tukitoka huko, nikiona nisione, nitarudi hapa kwao niseme mwenyewe."

"Sawa, Baba."

Akainuka, gari la Haji kwenye mkono mmoja. Akaninyooshea ule mwingine. Nikaushika, nikatazama kulia, nikatazama kushoto, nikamwambia sasa. Tukavuka, na kwa mara ya kwanza hakujifanya kwamba yeye ndiye anayenivusha mimi.